Tetemeko likishapita, anakuja fundi wa lipu: soma hii kabla hujatuma hela nyumbani



Kuna simu moja ambayo kila mtoto wa mkoani anayehangaika na maisha mjini anaweza kuipata. Ardhi imetikisika kwao, wazee wamesalimika, kila mtu anashukuru Mungu. Siku ya tatu mama anapiga: "Mwanangu, ukuta wa chumba cha kulala umepasuka. Kuna kijana fundi yuko hapa, anasema anaziba leo leo, anataka laki mbili za kuanzia." Unahangaika, unakopa kwa mshikaji, unatuma kwa simu. Jioni unaambiwa nyumba imepigwa lipu na rangi juu, imekuwa mpya. Roho inatulia, unalala.

Sasa hapo kuna uwezekano kwamba umelipia mtego. Ukuta uliopasuka mpaka ndani ukapakwa lipu kwa juu haujapona hata kidogo, umefichwa tu. Mama alikuwa anaukwepa kwa sababu alikuwa anaona ufa. Leo amerudisha kitanda palepale. Laki mbili zinauma, lakini hela inatafutwa.

Naomba tutumie mfano ambao wengi tunaujua, Kagera.

KILICHOTOKEA KAGERA

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera. Kitovu kilikuwa upande wa Nsunga, karibu na mpaka wa Uganda, kina cha kama kilomita 40 chini ya ardhi. Lilisikika Uganda, Rwanda, Burundi na hata Kenya. Takwimu za Serikali zilitaja watu 17 waliofariki, mamia wakajeruhiwa. Nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka, na nyingine maelfu zilibaki zimesimama lakini zimechanika. Bukoba mjini mitaa kama Hamugembe iliumia vibaya. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato zilibidi zifungwe kwa sababu majengo hayakufaa tena kukaa watoto.

Kwa kipimo cha dunia 5.9 si tetemeko la kutisha. Ziko nchi ambazo tetemeko kama hilo watu wanatoka nje, wanapiga stori, wanarudi ndani. Kwetu lilibomoa kwa sababu ya namna tunavyojenga. Nyumba nyingi zilikuwa za tofali za kuchoma zilizopangwa kwa udongo badala ya simenti, hazina lenta ya kuzunguka, yaani ule mkanda wa zege na nondo unaozifunga kuta zote juu ya milango na madirisha. Ukuta wa namna hiyo unabeba uzito wa kwenda chini vizuri tu, miaka hata hamsini. Ukitikiswa kwa pembeni kila ukuta unakwenda na njia yake, pembe zinaachana, paa linashuka.

Tena tusijidanganye kwamba lilikuwa la mara moja. Kagera iko jirani na mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, mkono uleule unaopita Ziwa Tanganyika, ambako tarehe 5 Desemba 2005 lilipiga tetemeko la 6.8. Litarudi lingine. Siku yake hakuna anayeijua.

Halafu likaja suala la nani anajenga. Januari 2017 Rais Magufuli alikwenda Kagera akasema wazi kwamba Serikali haitamjengea kila mtu nyumba yake, itashughulika na miundombinu ya umma, na wananchi wajenge wenyewe. Watu walibishana sana juu ya kauli ile, na ubishi huo siufungui leo. Ninachotaka tuone ni matokeo yake mtaani: maelfu ya familia zinatafuta fundi kwa wakati mmoja, kwa hela inayotoka mfukoni na kwa watoto walioko mbali, bila mtu wa kukagua. Soko la hivyo linawaita mafundi wazuri, na linawaita wasanii pia. Popote penye maafa duniani mambo ni hayohayo.

SIKU ZA KWANZA

Kabla ya fundi yeyote, kuna mambo ya saa chache za mwanzo. Zima umeme kwenye meinswichi. Ukuta uliochanika unaweza kuwa umevuta nyaya ndani yake, na ukiwasha taa unawasha kitu kingine. Funga mtungi wa gesi. Kurudisha umeme kwenye nyumba iliyochanika ni kazi ya fundi umeme anayefahamika au TANESCO wenyewe. Vishoka nao hawalali siku hizo, wanapita na bisibisi mfukoni wanajiita wa shirika. Muombe kitambulisho, halafu piga simu ofisi ya TANESCO ya wilaya uulize kama wamemtuma mtu.

Usilale kwenye chumba chenye ufa mkubwa eti kwa sababu tetemeko limeshapita. Likishapiga kubwa huwa yanafuata madogo, siku hata wiki kadhaa, na ukuta uliochoka haungoji kubwa. Turubai nje ni shida, nakubali, hasa mvua za Bukoba zikiamua. Lakini afadhali.

Toa hati ya kiwanja, vyeti na kadi za benki, weka mahali pamoja. Halafu PIGA PICHA. Kila ufa, ndani na nje, ukiwa na kitu cha kupimia pembeni. Simu yoyote yenye kamera inatosha. Picha hizo ndizo zitakazokusaidia kwa mhandisi, kwa mtendaji, kwa kampuni ya bima kama mzee alikuwa na bima, na hata polisi mbele ya safari. Ukishapiga lipu, ushahidi umekwenda.

Kuna na zile meseji: "Wataalamu wamesema leo saa tano usiku linakuja kubwa kuliko la mchana, tokeni wote, sambaza kwa ndugu na jamaa." Wadau, hakuna mtaalamu popote duniani anayeweza kutaja siku na saa ya tetemeko. Wanaweza kusema eneo fulani lina hatari, basi. Anayetaja saa ni mzushi, na mtaa ukishahamia uwanjani usiku kucha, wezi wanafanya kazi kwa nafasi. Mkilala nje, wekeni zamu ya vijana wa mtaa.

UFA UNAONGEA, USIUZIBE MDOMO

Hapa ndipo penye kiini, naomba uvumilivu wako.

Ufa siyo ugonjwa, ni dalili. Kwa hiyo swali la kwanza kwa fundi yeyote siyo "unaziba kwa shilingi ngapi", ni "huu ufa umetokana na nini, na umefika wapi". Mambo manne unaweza kuyaangalia mwenyewe, au ukamwelekeza mdogo wako aliyeko nyumbani kwa simu.

Kwanza upana. Chukua kadi ya ATM, unene wake ni kama robo tatu ya milimita. Kama haiingii kabisa, na ufa uko upande mmoja tu, mara nyingi ni lipu iliyochanika, ukuta wenyewe mzima. Kadi ikizama, hilo sasa ni jambo la kuangaliwa. Ikizama penseli, hama chumba hicho leo na usimruhusu mtu apake chochote mpaka mhandisi afike.

Pili, umepenya? Ngoja usiku, mmoja asimame ndani na tochi, mwingine nje. Mwanga ukitokeza, ukuta umekatika. Kama upande wa pili pana kabati, sogeza kabati. Mafundi wa haraka hawapendi kabisa kusogeza kabati.

Tatu, umbo. Ufa unaoanzia kwenye pembe ya dirisha au mlango ukapanda kwa mshazari, au nyufa mbili zinazokatana kama alama ya X kati ya madirisha, hiyo ni saini ya tetemeko. Ukuta umesukumwa kwa pembeni mpaka ukakatika. Ufa wa wima kwenye kona, pale kuta mbili zinapokutana, ni mbaya kuliko yote kwa maoni yangu. Maana yake kuta zimeachana mikono, na ule wa nje unaweza kuanguka wote kwa mkupuo. Ufa wa kulala chini ya paa unasema paa limehama kidogo. Na ule ukuta wa pembetatu unaobeba paa upande wa mbele na nyuma ndio unaotangulia kuanguka, kwa hiyo watoto wasicheze chini yake.

Nne, wima wa ukuta. Funga jiwe kwenye kamba, ining'inize kutoka juu, linganisha nafasi ya juu na ya chini. Kama ukuta umeinama au umetoa tumbo, hakuna lipu ya dunia hii itakayourudisha.

Na kama hujui ufa unaendelea au umetulia, weka alama ya penseli kwenye ncha zake zote mbili, andika tarehe. Bandika na kipande cha karatasi kuvuka ufa, kigande kabisa kwa gundi. Rudi baada ya wiki mbili. Karatasi ikichanika au ufa ukipita alama, nyumba bado inatembea, na ukiiziba sasa umetupa hela.

Ndiyo maana fundi anayesema "leo leo" ananitia shaka hata kabla sijamuuliza jina.

Kuponya ukuta kweli ni kazi nyingine. Ufa uliopenya unachimbuliwa, tofali zilizovunjika zinatolewa na kuwekwa nyingine, unakatwa mifereji kuvuka ufa na kulazwa nondo zinazoshona pande mbili, ndipo inakuja simenti, wavu wa waya, na lipu mwishoni kabisa. Kona iliyoachana mara nyingi inabomolewa na kujengwa upya. Nyumba ya tofali na udongo isiyo na lenta inaweza kuhitaji kushushwa paa, kufungwa lenta, na kupauliwa tena. Ndiyo, ni gharama. Wakati mwingine ushauri wa kweli ni kubomoa vyumba viwili na kujenga kimoja imara. Mwenye kukuambia hivyo kwa uaminifu usimkasirikie.

Ushauri huo autoe nani? Halmashauri ina mhandisi, anzia kwake kupitia mtendaji wa kata au mwenyekiti wa mtaa. Mhandisi binafsi awe amesajiliwa na ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kampuni ya ujenzi iwe imesajiliwa na CRB, Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Bodi zote mbili zina tovuti na simu, uliza kabla ya kulipa. Fundi wa mtaani hatakuwa kwenye bodi hizo, na hilo peke yake halimfanyi tapeli. Wengi wamejifunza kazini, wengine wana cheti cha VETA, na ndio waliojenga hizi nyumba zetu zote. Kwake muulize kazi tatu alizofanya karibuni, halafu mtu AENDE akaongee na wenye nyumba.

MICHEZO YENYEWE

Fundi wa lipu tumeshamsema. Wa pili ni fundi wa advansi. Anakuja na futi kamba na daftari, anapima kwa mbwembwe, anakuchorea na ramani. Anataka nusu ya hela ya kazi yote kwa ajili ya "kushikilia vifaa kabla havijapanda bei". Ukituma, anaingia mitini. Ukimpigia, kwanza longolongo, amefiwa, gari limeharibika, halafu namba haipatikani tena.

Wa tatu ni "mhandisi wa Serikali". Amevaa reflekta, ana kalamu na fomu. Anasema nyumba yako ipo kwenye orodha ya kubomolewa ila kuna ada ya ukaguzi ili itolewe. Au anaandikisha waathirika kwa elfu tano ili wapate bati. Malipo halali ya Serikali Tanzania yanakwenda kwa kumbukumbu namba, ile watu wanaiita kontro namba, siyo mkononi wala kwenye laini ya mtu. Ukaguzi wa kweli haufanywi kwa kificho. Mwenyekiti wa mtaa anaujua. Mpeleke mgeni wako kwa mwenyekiti, akikataa kwenda umeshapata jibu.

Wa nne hakuja nyumbani kabisa, yuko dukani. Baada ya maafa vifaa vinakimbiliwa na feki inapata njia. Hapa elimu kidogo inaokoa hela nyingi. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na uzito wa kama kilo 10.7. Ya milimita 10 ni kama kilo 7.4. Zipo nondo zinaitwa "mm 12" na ukiziweka kwenye mizani hazifiki kilo 9. Hiyo ni nondo nyembamba yenye jina la kubandika. Bati nalo lina mchezo wa geji: namba ikiwa kubwa bati ni jembamba, kwa hiyo geji 30 ni jepesi kuliko geji 28, na kuna wanaouza la 30 kwa bei ya 28. Simenti angalia mfuko una kilo 50 kweli, tarehe ya kutengenezwa, na ubonyeze pembe za mfuko. Ukikuta mabonge magumu yasiyovunjika kwa vidole, iache dukani. Kwenye mfuko kuna namba 32.5 au 42.5. Ya kwanza inatosha kwa lipu na kujengea, ya pili ndiyo uiombe kwa zege la lenta na nguzo. Na risiti ya EFD usiiache, kwa sababu bila hiyo ukirudi kulalamika unaulizwa ulinunua wapi.

Walioko mabondeni kama Msimbazi, ambao shida yao ni mafuriko kama yale ya Dar es Salaam ya Desemba 2011, mchezo wao unafanana ila dawa ni subira. Ukuta uliolowa ukipakwa lipu na rangi haraka unafungia maji ndani, na baada ya muda rangi inamenyuka yote. Chimba kidogo pembeni ya msingi uone kama maji yameubakisha au yameusomba. Fundi anayekuambia upake wiki hiyohiyo anajua kabisa utamwita tena.

HESABU YA LENTA, ILI USIBAMBIKWE

Wengi tunaibiwa kwa kuwa hatujui kazi inakula nini. Tuchukue nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu, kuta zote zinazobeba lenta zikiwa na jumla ya mita 40. Lenta ina upana wa sentimita 15 na kimo cha sentimita 20. Zidisha: 40 mara 0.15 mara 0.20, unapata mita za ujazo 1.2 za zege. Zege la ndoo moja ya simenti, mbili za mchanga na nne za kokoto linakula kama mifuko sita na nusu kwa mita moja ya ujazo. Kwa hiyo lenta yako inataka mifuko kama 8, weka 9 kwa ajili ya upotevu. Nondo nne zinazopita mita 40 ni mita 160, ukigawa kwa 12 ni nondo 13 na kitu, ongeza za kupishania kwenye maungio, nunua 16. Ringi kila baada ya sentimita 20 ni kama 200.

Fundi akikuletea orodha ya mifuko 25 kwa lenta tupu, muulize kwa upole: "Kaka, hiyo mingine inakwenda wapi?" Inawezekana ana jibu zuri, labda kuna na lipu au sakafu. Inawezekana pia anajenga kwake. Kuna wa kinyume, anayeomba mifuko 4 ili aonekane wa bei nafuu. Huyo ndiye wa kumwogopa zaidi, kwa sababu zege lake litakuwa mchanga uliolowa.

Zege nalo linyweshwe maji kila siku kwa siku saba angalau. Ni kazi ya ndoo na mdogo wako, haina gharama, lakini nyumba nyingi zinakosa nguvu hapa tu.

KULIPA UKIWA MBALI

Kanuni ninayoiamini ni hii: vifaa nunua mwenyewe, fundi mlipe ufundi. Kama huwezi kufika, lipa duka moja kwa moja kwenye namba ya biashara, duka lipeleke vifaa, mtu wako ahesabu vikishushwa. Hela ya ufundi igawanywe. Tuseme mmekubaliana milioni moja. Laki mbili akiwa ameshafika na vijana wake na kazi imeanza, siyo kabla. Laki tatu nondo zikishafungwa juu ya ukuta lakini zege HALIJAMWAGWA. Laki tatu kazi ikikamilika. Laki mbili zilizobaki baada ya mwezi, au baada ya mvua ya kwanza kubwa, nyufa zikiwa hazijarudi. Fundi mzuri atabishana kidogo juu ya hizo za mwisho, mbishane, hata mkafika laki moja na nusu. Anayekataa kabisa kubakiza hata shilingi, mpe nauli aende.

Ile hatua ya kabla ya zege ndiyo roho ya kazi. Zege likishamwagwa hakuna atakayejua ndani kuna nondo nne, mbili, au waya wa uzio. Sema usipopata picha za nondo, na futi kamba limelazwa pembeni, hutumi hela. Afadhali mpigiane simu ya video, mtu atembee na kamera kona zote. Kona ndipo wanapokata njia: nondo zinatakiwa zikunje na kuingia ukuta wa pili, siyo kuishia pale.

Andikeni mkataba, ukurasa mmoja unatosha. Kazi gani, vipimo gani, siku ngapi, malipo kwa hatua, majina, namba za vitambulisho, sahihi, na mwenyekiti wa mtaa kama shahidi. Ukishauchapa, mtumie mdogo wako aupeleke. Watu wanaona aibu kumwandikisha fundi wa jirani. Mwambie mama, "Mama, siyo kwamba simwamini, ni utaratibu wa huku mjini." Tusingizie mji, unatusaidia sana kwenye mambo haya.

Jina linalotokea kwenye simu unapotuma lifanane na lililo kwenye mkataba. Na ukipata ile meseji maarufu, "ile hela itume kwenye namba hii, laini yangu ina tatizo", usitume. Piga simu, sikia sauti. Matapeli wanazituma ovyo kwa maelfu, na wakati wa maafa zinanasa kwa sababu kweli kuna hela ulikuwa unatakiwa kutuma mahali.

La mwisho hapa halisemwi sana: msimamizi wa ndugu. Mjomba anapewa hela asimamie, na mjomba naye nyumba yake imepasuka. Sihitaji kumalizia. Wasimamizi wawe wawili, mmoja anashika hela, mwingine anahesabu vifaa, na heshima ya ukoo inabaki palepale.

MICHANGO

Kila maafa yanaleta na harambee. Kagera ilitupa fundisho zito: Septemba hiyohiyo ya 2016 Rais alitengua uteuzi wa Katibu Tawala wa Mkoa na Mkurugenzi wa Manispaa ya Bukoba, kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine ya benki yenye jina sawa na ile rasmi ya maafa. Suala lilifika mahakamani, na mimi sihukumu mtu hapa. Lakini kwa mchangiaji maana yake ni kwamba jina la akaunti halitoshi. Angalia NAMBA, ilinganishe na ile iliyotangazwa na Ofisi ya Waziri Mkuu au mkoa wenyewe, usiichukue kwenye meseji iliyosambazwa na rafiki wa rafiki. Picha za kusikitisha nazo zinazunguka. Ya Nepal inaweza kuandikwa Bukoba na usijue.

UKISHALIWA

Usikae na aibu. Siku hiyohiyo piga huduma kwa wateja ya mtandao uliotumia, waombe wazuie muamala, kwa sababu hela ikiwa haijatolewa kwa wakala bado kuna nafasi. Namba ya tapeli itume kwenda 15040, ni ya kuripoti utapeli wa simu. Nenda polisi na mkataba, picha za nyufa na meseji za malipo, uchukue RB. Kama aliyekutoza ni mtumishi wa umma au anajifanya ndiye, TAKUKURU wanapatikana kwa 113, bure. Vifaa feki vipelekwe TBS, ukiwa na risiti na kipande cha hiyo nondo.

Na kama lipu imeshapigwa juu ya ufa uliokuwa unaingiza penseli, toa kitanda humo leo, halafu mtu akwangue lipu pale ufa ulipokuwa, upana wa kiganja, urefu wote. Ukuta ukionekana, mwite mhandisi wa halmashauri aje auone.